Gurudumu la Kulia

Konstebo Mwamvua alikataa katakata kuingia uani.

"Afande, nitume sokoni, nitume mahakamani, hata mochwari nitakwenda," alisema, mikono ameikunja kifuani. "Lakini kule nyuma siendi. Lile gari linalia."

Inspekta Makarius Hyera aliweka kikombe cha chai mezani. Ukungu wa mwezi wa saba ulikuwa umeikalia Songea tangu alfajiri, na mpaka wakati huu wa kwenda kazini taa za kituo cha polisi zilikuwa bado zinawaka.

"Linalia vipi?"

"Linalia kama mtu. Jumapili nyie wote mlikwenda misa, nikabaki peke yangu kaunta. Nikasikia huko nyuma, iiiii! Kimya. Kidogo tena, iiiii! Nilisoma kila dua niliyofundishwa madrasa."

"Hukutoka kuangalia?"

"Niangalie nini, afande? Mwenye gari tumemzika Jumamosi!"

Makarius alitaka kumcheka, akashindwa. Mwamvua hakuwa mtu wa kubabaishwa na paka. Mwaka uliopita alimkamata jambazi mwenye panga peke yake, akamleta kituoni kamshika ukosi wa shati.

Gari lenyewe lilikuwa saluni nyeupe, moja ya yale magari ya mitumba ya Kijapani yaliyokuwa yanamiminika nchini miaka ile, biashara ilipofunguliwa na kila mwenye chochote akataka kuonekana. Mwenyewe alikuwa Urban, kijana wa Ruhuwiko aliyekwenda Tunduru kuchimba mawe ya thamani akarudi na viatu vyeupe. Kitu cha kwanza alichofanya ni kulishusha gari lake. Alikatisha springi mpaka tumbo likakaribia kuibusu lami. Vijana walimshangilia, wazee wakasonya. Gari lililokatwa hivyo halisimami sawa, magurudumu ya mbele huinamiana kwa juu kama miguu ya ndama aliyezaliwa leo, na usukani huvuta upande wautakao wenyewe. Ndipo Urban akampelekea fundi Amedeus ampigie alaimenti, yaani ayanyooshe magurudumu yaende pamoja.

Siku mbili baadaye, Alhamisi, Urban aliondoka kwenda Dar kuuza jiwe moja la bluu. Kwenye mteremko wa barabara ya Madaba gari lilitoka njiani likajitupa kwenye korongo. Jiwe lilikutwa mfukoni mwake, kwa hiyo aliyemuua hakuwa mwizi.

Ijumaa Koplo Saimon alirudi kutoka eneo la ajali na maneno ya shahidi mmoja tu, bibi mmoja anayeishi kando ya mteremko ule. "Bibi anasema shida ilikuwa gurudumu la kulia," aliripoti ofisini kwa Makarius. Pankrasi, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa ameketi palepale akisubiri kibali cha kuzika. Aliposikia hivyo alijifunika uso kwa viganja. Jioni ileile fundi akawekwa mahabusu. Jumatatu mkaguzi wa magari akaja, akaenda moja kwa moja kwenye gurudumu la kulia, na kweli, akakuta nati ya tairodi imelegea. Tairodi ndicho chuma kinachosukuma gurudumu gari likate kona. Fundi hakukaza nati, mtu amekufa. Imekwisha.

Na mjini walikuwa wamekwenda mbele zaidi. Walisema Amedeus amemtoa Urban kafara ili gereji yake ipate wateja, ndiyo maana gari linalia. Kesho asubuhi fundi huyo angesimama mbele ya hakimu kwa kosa la kuua. Mkewe, Dorine, alikuwa ameketi kwenye ngazi za kituo na chupa ya uji, hamuulizi mtu kitu.

Makarius hakupenda kesi inayojifunga yenyewe. "Nileteeni Amedeus," alisema. "Tunakwenda kulisikiliza hilo gari."

Fundi alitolewa mahabusu miguu mitupu, suruali ameishikilia kwa mkono kwa sababu mkanda walimvua. Gari lilikuwa limeegeshwa kwenye ukuta wa nyuma, pua imekunjamana, kioo cha mbele hakipo, ukungu umeingia mpaka vitini. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa limegeukia nje ovyo, tairodi yake imechomoka. Mkaguzi alisema ilichomolewa na kishindo cha ajali.

"Nionyeshe hiyo nati ya kulia," Makarius alisema.

"Mpaka nigeuze gurudumu, afande. Gari hili limeshushwa, bodi imelala juu ya tairi. Mkono haupiti."

"Geuza."

Amedeus alishika gurudumu kwa mikono miwili, akasukuma. Tairi likakwaruza bati la madgadi.

Iiiiii.

Loo! Mwili wote ulimsisimka Makarius. Ilikuwa sauti ya mwanamke anayeanza kulia msibani, pale kabla wenzake hawajamshika. Kutoka kaunta Mwamvua akapiga yowe. "Ndiyo hiyo! Ndiyo hiyohiyo, afande!"

Amedeus aliachia gurudumu akajifuta viganja kwenye shati.

"Rudia," Makarius alisema.

"Afande, tafadhali."

"Rudia, nimesema."

Gari likalia tena. Safari hii Makarius alijikaza, akatazama tairi badala ya kusikiliza. Palikuwa na mpira na bati tu, basi.

"Linaweza kulia bila kuguswa?"

"Haliwezi. Mpaka mtu aligeuze."

"Basi Jumapili kuna mtu aliligeuza."

"Siyo mimi, afande. Mimi nilikuwa ndani."

"Najua ulikuwa ndani. Si mimi niliyekuweka?"

Makarius alivua kofia, akalala kifudifudi kwenye tope na sare yake, akamulika tochi. Udongo mwekundu wa korongoni ulikuwa umeigandia tairodi yote, mkavu, mgumu. Lakini pale nati iliporudi nyuma, meno ya chuma yaling'aa, masafi kabisa. Aliyatazama kwa muda mrefu. Kama nati ingekuwa imelegea siku ya ajali, tope lingeingia humo pia. Haikuingia hata chembe. Nati ilikuwa imekazwa gari lilipoanguka, na mtu aliilegeza hapahapa uani, tope likiwa limekwisha kauka.

Aliinuka akazunguka upande wa kushoto, akapapasa tairi. Mpira ulikuwa umelika vibaya, umechanikachanika kama kitu kilichoburutwa kwa ubavu. La kulia lilikuwa laini, zima.

"Ulimkabidhi gari likiwa hivi?"

"Sikumkabidhi hivi, haki ya Mungu!" Kwa mara ya kwanza fundi alipandisha sauti. "Nilipima kwa kamba, mbele na nyuma, sawa kwa sawa. Huku kushoto mtu amezungusha tairodi baada yangu. Gari la chini namna hii ukilipotosha kidogo tu linaburuta tairi. Na nati ya kushoto akiwa ameiacha wazi, mtikisiko wa barabara unamalizia. Tairodi inachomoka yenyewe."

"Kwa hiyo kilichomuua Urban ni kushoto."

"Ni kushoto, afande."

"Sasa kwa nini bibi amesema kulia?"

Amedeus alirudishwa mahabusu. Makarius akamwita Saimon wakatoa Landrova.

Njia nzima ukungu ulikuwa mzito. Saimon, mwenyeji wa Sengerema, aliendesha kichwa amekitoa dirishani. Walipofika kwenye mteremko waliona msalaba wa vijiti uliochomekwa ukingoni, na maua ya njano ambayo mtu ameyaweka asubuhi ileile. Nyumba ya Bibi Walburga ilikuwa karibu na lami kiasi kwamba mtu akikaa mlangoni angeweza kurusha ganda la muhindi likaangukia barabarani.

"Shikamoo, bibi," Makarius alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kwa ajili ya yule mtoto." Hakuuliza. Aliwasogezea vigoda, naye akaendelea kupukuchua mahindi.

"Tuambie tena, bibi. Ulisikia nini?"

"Nilisikia kilio. Nilikuwa hapahapa. Nikasema, nani kafiwa asubuhi hii? Nikatoka kutazama, ni gari, linateremka linalia. Ndani yule kijana anahangaika na usukani, mdomo wazi. Tumetazamana." Aliacha kupukuchua. "Tumetazamana, mjukuu wangu. Tangu siku hiyo hata nikifumba macho namwona."

Huko juu barabarani lori lilipita bila kuonekana, likanguruma, likapotea.

"Na ulimwambia koplo gurudumu gani lilikuwa na shida?"

"La kulia. Nilimwambia wazi."

Makarius aliinua mkono wake wa kulia. "La upande huu?"

Bibi Walburga alimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mtoto mkubwa asiyejua kufunga vifungo.

"Huo ni mkono wa kuume. Mama yako alikufundisha nini? Kanisani wanasema kuume, mimi nasema kuume, mababa wa misheni walionifundisha kusoma walisema kuume. Nani amekuuliza kuume? Mimi nimesema gurudumu la kulia. La kulia! Lile lililokuwa linalia!"

Koplo Saimon aliinamisha kichwa mpaka kofia ikamdondoka.

"Na hilo lililokuwa linalia," Makarius alisema polepole, "lilikuwa upande gani?"

"Huu wa nyumbani kwangu. Si mnapita mkono wa kushoto mkienda Madaba? Lilipita hapa, mlangoni. Ningenyoosha fimbo ningeligusa."

Makarius alianza kucheka, jamani, kicheko kikamtoka chenyewe. Wao na majalada yao, wao na mkaguzi wao aliyevaa koti jeupe, na kilichowapoteza ni neno moja la kila siku! Halafu kicheko kikakatika. Aliaga haraka, akamsukuma Saimon kwenye gari.

"Afande, nisamehe," Saimon alisema walipokuwa wamekwisha kwenda mbali. "Kwetu kulia ni mkono huu. Sikuwaza kabisa."

"Hata mimi nisingewaza. Acha hilo. Sikiliza. Ijumaa sisi tuliamini gurudumu la kulia ndilo bovu, lakini halikuwa bovu. Jumapili mtu anaingia uani anaharibu la kulia. Kwa nini la kulia?"

Saimon alifikiri. "Kwa sababu ndilo tutakaloenda kulikagua."

"Hasa. Tungelikuta zima tungehamia la kushoto, na huko kushoto ndiko mkono wake uliko. Huyu mtu alisikia kosa letu akadhani kapewa zawadi. Sasa niambie, ulipolisema lile neno, ofisini tulikuwa nani na nani?"

Koplo alishika breki katikati ya lami. "Mimi na wewe," alisema. "Na Pankrasi."

"Kabla ya kushika mambo ya mawe, Pankrasi alikuwa na kazi gani?"

"Utingo wa malori, afande. Miaka mingi tu. Lakini yule ni kaka yake! Tumbo moja!"

"Endesha," Makarius alisema.

Ushahidi wa kumpeleka mtu mahakamani hakuwa nao. Alikuwa na meno ya nati na sarufi ya bibi kizee, vitu ambavyo wakili yeyote angevipuliza kama unga. Na fundi alikuwa anasimama kizimbani kesho. Ndiyo maana alasiri ile alimwita Pankrasi kituoni aje kuchukua saa na viatu vya marehemu.

Pankrasi alikuja na shati jeusi, mtaratibu, macho mekundu. Alisaini, akabeba vile viatu vyeupe akiwa amevibana kwapani.

"Pole tena, kaka," Makarius alimwambia. "Jioni si ndiyo misa ya kumwombea?"

"Ndiyo, Ruhuwiko. Karibu sana, Inspekta."

"Ningekuja, lakini kichwa kinaniuma na huyu fundi." Makarius alipiga mwayo. "Sasa anatuambia nati yoyote anayoikaza huipaka tone la rangi nyekundu, iwe alama yake. Eti tukiikuta rangi kwenye nati ya kulia imekatika katikati, basi aliikaza yeye na kuna mtu aliifungua baadaye. Mkaguzi anarudi kesho alfajiri kuangalia. Ikiwa ni kweli, itabidi nimwachie."

Hakukuwa na rangi yoyote. Amedeus hakuwahi kupaka nati rangi tangu azaliwe.

"Haki itendeke tu," Pankrasi alisema. Kiatu kimoja kilimponyoka, akainama kukiokota, akakikosa, akakiokota.

Jioni kengele ya misa ilipogonga, Makarius alitangaza kaunta kwa sauti kubwa kwamba kituo kizima kinakwenda kumwombea marehemu, akawatuma watu wapande Landrova waondoke kweli. Saimon alibaki amejibanza bafuni. Yeye Makarius aliingia ndani ya lile gari jeupe, akalala kwenye kiti cha nyuma.

Hakuwa mtu wa kuogopa maiti, lakini pale aliogopa, wacha nikwambie ukweli. Ukungu ulikuwa umeshuka tena na kuingia kupitia pale palipokuwa na kioo. Kiti cha dereva kilikuwa bado kimebonyea alipokuwa amekaa Urban. Rozari ilining'inia kwenye kioo kidogo, shanga zimelowa, na ufunguo ulikuwa umepindia kwenye tundu lake, haukutoka. Alijaribu kusali akajikuta anarudia maneno yaleyale.

Geti dogo la nyuma likafunguliwa. Nyayo zikaja taratibu, zikasimama ubavuni mwa gari. Makarius alizuia pumzi.

Halafu usukani ukageuka wenyewe.

Ulizunguka mbele yake, polepole, bila mikono, kama kuna mtu ameketi pale anakata kona. Iiiiii, gari likalia, na akilini Makarius alijua kabisa kwamba ni mtu yuko nje anageuza gurudumu, lakini nywele za kichwa hazikujua.

"Nyamaza," sauti ya mwanamume ilisema chini. "Nyamaza, mdogo wangu. Usilie."

Kukawa na mkwaruzo wa chuma. Mtu alikuwa chini ya gari anasugua, anatafuta rangi isiyokuwepo.

"Sikutaka ufe," sauti iliendelea, imepasuka. "Nilitaka likuharibikie tu. Ulale Madaba, nije na basi nikukute, twende wote. Jiwe tulichimba wote, Urban. Mimi ndiye niliyeshuka shimoni. Kwa nini uliondoka bila kuniambia kwaheri? Nilizungusha kidogo tu, kidogo kabisa. Sasa usilie. Kila usiku unalia. Nitakwenda kukuombea, acha nimalize hii."

Goti la Makarius liliteleza kwenye kiti. Springi zilizokatwa zikanywea, gari zima likaguna. Mkwaruzo ukakoma.

Kutoka chini ya sakafu, karibu kabisa na sikio la Makarius, sauti ikauliza kwa upole, kama mtu anayegonga chumba cha mgonjwa:

"Urban?"

Inspekta angenyamaza tu, au angeguna mara moja, mtu yule angesema yote, mpaka namba ya spana aliyotumia. Kesi ingekuwa imekamilika. Lakini moyo ulimkatalia. Kuna sauti ambazo mtu haziazimi.

"Hapana, Pankrasi," alisema. "Siyo Urban. Ni Inspekta Makarius. Toka chini ya gari taratibu."

Halafu akasikia pumzi ndefu ikitoka kule chini, ya mtu aliyetua mzigo mzito.

"Afadhali," Pankrasi alisema. "Afadhali ni wewe."

Ilitoka mikono kwanza, imeunganishwa, myekundu kwa udongo. Saimon alikuwa amefika mbio na pingu, na Makarius, aliyekwisha shuka garini, akamzuia kwa kiganja.

"Hizo nitamfunga mimi," alisema. "Wewe kamfungulie Amedeus. Na umpe mkanda wake, asitoke kwa mkewe ameshikilia suruali."